Mpinzani Anayeshindika: Programu za Zamani za Sataranji na Nafasi Yake Nyumbani

Mtoto anayejifunza sataranji katika simu ya mzazi wake leo mara nyingi huwekwa mbele ya mpinzani ambaye hakuna mwanadamu awezaye kumshinda. Programu iitwayo Stockfish, ambayo hutolewa bure na ndiyo inayofanya kazi nyuma ya tovuti nyingi za mchezo huu, imewapita mabingwa wote wa dunia kwa umbali ambao hautazamiwi kufikiwa tena. Kwa kuwa nguvu hizo hazimfai mwanafunzi, hupunguzwa makali kwa kuamrishwa ikosee makusudi. Hucheza hatua kadhaa za kibingwa, kisha ghafla ikaitupa ngome yake bila sababu yoyote. Mtoto hushinda, naye hajui ameshinda kwa lipi. Siku ya pili hushindwa, wala hajui ameshindwa kwa lipi.

Ndipo tulipoona ni vyema kuwaletea wasomaji wetu, na hasa akina mama ambao ndio wasimamizi wa saa za jioni nyumbani, habari za programu za sataranji zilizotungwa katika miaka ya 1970, 1980 na 1990. Programu hizo zilikuwa dhaifu kwa sababu mashine zilizozibeba zilikuwa dhaifu, wala si kwa kuigiza. Zilikosea pale ambapo uwezo wao wa kuona ulifika kikomo, na kikomo hicho ni kimoja kila siku. Mpinzani wa namna hiyo huweza kuchunguzwa, kueleweka, na hatimaye kushindwa kwa haki. Nyingi kati ya hizo bado zapatikana kwa anayezitafuta, na baadhi yake zimeachiwa watu wote bila malipo na watunzi wenyewe.

Mchezo uliotokea mashariki

Sataranji si mchezo mgeni kwetu. Ulizaliwa Bara Hindi, ukalelewa Uajemi, kisha ukapokewa na Waarabu, ambao waliuita shatranji na kuuandikia vitabu. Jina tulilo nalo katika Kiswahili limetokana na hilo lao, na kete iitwayo shaha bado inabeba neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme. Kete ambayo Waingereza huiita askofu, Waarabu waliijua kwa jina la fili, yaani tembo. Ile ambayo leo ni malkia mwenye kuvuka ubao mzima ilikuwa firzani, waziri wa mfalme, aliyekwenda hatua moja moja tu kwa mshazari.

Al-Adli katika karne ya 9, na Abu Bakr as-Suli katika karne ya 10, walikuwa wachezaji waliotukuka mbele ya makhalifa wa Kiabbasi, na wote wawili waliandika vitabu juu ya mchezo huu. Walikusanya mafumbo yaliyoitwa mansuba: kete hupangwa ubaoni kwa namna maalumu, na mwanafunzi hutakiwa atafute njia ya ushindi. Fumbo moja la as-Suli lilikaa karibu miaka elfu moja kabla ya bingwa wa Kirusi, Yuri Averbakh, kutoa ufumbuzi wake katika karne ya 20. Tutalirudia jambo hili la mansuba, kwa sababu lina uhusiano na namna bora ya kuzitumia programu za kale.

Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani juu ya hukumu ya sataranji, na kila familia ina njia ya kumwendea shehe wake. Wasilohitilafiana ni kwamba mchezo ukiingiwa na kamari, au ukimpitishia mtu wakati wa sala yake, haufai. Tunayoyaeleza hapa ni ya mchezo usio na dau na wenye saa yake ya kufungwa.

Mashine ya karatasi

Mwaka 1948 Mwingereza Alan Turing, pamoja na rafiki yake David Champernowne, alitunga kanuni za kuiwezesha mashine kucheza sataranji. Tatizo ni kwamba hapakuwa na kompyuta yenye uwezo wa kuzipokea. Basi mwaka 1952 Turing akajifanya yeye mwenyewe kuwa kompyuta. Aliketi na karatasi na kalamu mbele ya Alick Glennie, akazifuata kanuni zake bila kuongeza wala kupunguza, kila hatua ikimchukua takribani nusu saa. "Mashine" hiyo ilishindwa katika hatua ya 29. Miaka 60 baadaye, mwaka 2012, wataalamu waliziandika upya kanuni hizo kwa ajili ya kompyuta za leo, naye bingwa wa zamani wa dunia, Garry Kasparov, akacheza nayo mjini Manchester na kuishinda kwa hatua 16.

Mwaka 1956, huko Los Alamos nchini Marekani, kompyuta iliyoitwa MANIAC ilichezeshwa sataranji ndogo yenye ubao wa miraba 36 badala ya 64, isiyo na tembo kabisa, kwani mchezo kamili uliizidi nguvu. Iliweza kumshinda mtu aliyekuwa amefundishwa mchezo kwa wiki moja tu. Ushindi huo ulikuwa mdogo, lakini ndio mlango uliofunguliwa, na kwa miaka 20 mlango huo ulibaki mikononi mwa vyuo vikuu na maabara zenye kompyuta za ukubwa wa chumba. Mashindano ya kwanza ya dunia ya kompyuta yalifanyika Stockholm mwaka 1974, na mshindi akawa Kaissa, programu ya Warusi.

Sataranji ndani ya kilobaiti moja

Mlango wa nyumba za watu wa kawaida ulifunguliwa mwezi Desemba 1976, wakati Peter Jennings wa Canada alipoanza kuuza programu yake, MicroChess. Aliitunga kwa kompyuta ndogo iitwayo KIM-1, ambayo kumbukumbu yake ilizidi kilobaiti moja kwa kiasi kidogo tu. Wasomaji wasiozoea vipimo hivi na watazame picha moja ya harusi waliyotumiwa kwa WhatsApp: picha hiyo pekee kwa kawaida huchukua nafasi ambayo MicroChess mia moja zingeingia na nafasi ikabaki.

KIM-1 haikuwa hata na kioo cha kuonyesha ubao. Ilikuwa na nafasi 6 za tarakimu zilizowaka kwa taa nyekundu, na vibonye vichache. Mchezaji alipanga kete zake kwenye ubao wa kawaida kando yake, akabonyeza namba za mraba anaotoka na mraba anaokwenda, kisha akangoja mashine imjibu kwa namba. Yeye ndiye aliyezisogeza kete za pande zote mbili. Programu yenyewe haikujua baadhi ya kanuni, kama ile ya kitunda kugeuka malkia kinapofika mwisho wa ubao. Hata hivyo ilicheza, na ilinunuliwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kumiliki programu nyingine yoyote.

Mashindano ya kuifinya sataranji ndani ya nafasi ndogo hayakuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mwingereza David Horne aliifanya kompyuta ya Sinclair ZX81, yenye kilobaiti moja tu, icheze sataranji kwa programu ya baiti 672. Aya moja ya makala hii, ukiihesabu herufi kwa herufi, yaweza kuwa ndefu kuliko programu hiyo nzima.

Upeo wa macho wa mashine

Hapa yafaa tueleze namna programu hizi zinavyofikiri, kwani ndipo faida yake ilipo, na ni jambo ambalo mtoto wa miaka 10 huweza kulifahamu.

Mashine haina mpango wala hofu. Hufanya mambo mawili tu: kuhesabu na kupima. Mwanzoni mwa mchezo mwenye kete nyeupe ana hatua 20 anazoweza kuzichagua, na mwenye nyeusi ana 20 za kumjibu, kwa hiyo baada ya kila mmoja kusogeza mara moja kuna njia 400. Kila mmoja akisogeza mara mbili, njia hizo hufika 197,281. Mashine hupita katika njia hizi kadiri nguvu zake zinavyoiruhusu, na kila inapoishia huzipima kete zilizobaki. Kwa kawaida kitunda huhesabiwa 1, farasi na tembo 3 kila mmoja, ngome 5, na malkia 9. Kisha huchagua njia ambayo mpinzani wake, hata akicheza vizuri kiasi gani, hawezi kuidhuru kuliko nyingine.

Ugumu wa programu za kale ni kwamba hesabu hiyo ilikatika mapema. Baharia aliyesimama sitahani huona upeo wa karibu kuliko mwenzake aliyepanda mlingotini, na jahazi lililo nje ya upeo huo kwake halipo. Ndivyo ilivyo kwa mashine. Chukua mfano wa programu inayoona hatua nne tu mbele, na yaona kwamba farasi wake amezingirwa na atachukuliwa. Hutoa kitunda kumtisha malkia wako. Wewe huna budi kukishughulikia kwanza, na kwa hiyo kifo cha farasi kimesogea hadi hatua ya sita, nje ya upeo. Sasa mashine hujihesabu kuwa imemwokoa. Ikiuona msiba unakaribia tena, hutoa kitunda cha pili, kisha cha tatu. Mwishowe farasi huchukuliwa, na vitunda vyote vitatu vimekwenda pamoja naye.

Mtoto akishaliona hilo mara moja, hulitambua daima. Hujifunza kuweka mtego ambao mwisho wake uko mbali kidogo kuliko mashine iwezavyo kuona, na akishinda anajua kwa nini ameshinda. Na funzo la pili ni lake mwenyewe, kwa kuwa hata sisi wanadamu huahirisha hasara kwa kutoa vidogo vidogo, tukadhani tumeiepuka.

Mume na mke walioishinda kumbi nzima

Miongoni mwa programu zote za zama hizo, tunaipenda zaidi habari ya Sargon, kwa kuwa ilitungwa nyumbani na Dan na Kathleen Spracklen, mume na mke wa Kimarekani. Jina hilo lilibebwa na wafalme wa kale wa nchi ambayo leo ni Iraq. Mwezi Machi 1978, katika maonyesho ya kompyuta mjini San Jose, Sargon iliingizwa katika mashindano ya programu za kompyuta ndogo na kuibuka mshindi.

Wawili hao walifanya jambo ambalo leo ni adimu kwa wauzaji: waliuza maandishi kamili ya programu yao, mstari kwa mstari, ili mnunuzi aone jinsi inavyofikiri. Mwaka huo huo maandishi hayo yakachapishwa kuwa kitabu. Aliyekuwa na kompyuta ya kufaa na subira ya kutosha aliweza kuyaingiza kwa vidole vyake. Baadaye mume na mke hao walitunga programu kwa ajili ya Fidelity, kampuni ya Marekani iliyotengeneza ubao wa sataranji wenye kompyuta ndani yake, na mashine ya Fidelity ikatwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta ndogo mjini London mwaka 1980.

Kwa sababu maandishi ya Sargon ya 1978 yalichapishwa wazi, mashabiki wameweza kuyafufua yakaendeshwa katika kompyuta za leo. Programu nyingi zilizofichwa na wenyewe kwa hofu ya kuibiwa zimepotea pamoja na mashine zake. Hii iliyofunguliwa ingali hai. Binti anayesoma hesabu au kompyuta na ayajue majina ya wawili hawa, na hasa la Kathleen, kwani katika picha na majina ya waanzilishi wa fani hii wanawake ni wachache kuliko walivyostahili.

Enzi ya kaseti na diski

Mwaka 1979 kampuni ya Atari ilitoa Video Chess kwa mashine yake ya michezo ya televisheni, Atari 2600, ambayo kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128 tu. Ubao ulionekana kwenye televisheni ya nyumbani, na mashine ilipofikiri, picha ilitoweka na rangi tu zikabadilika kiooni.

Programu hiyo ndogo ilipata umaarufu mpya mwaka 2025, wakati mhandisi mmoja wa Marekani alipoipambanisha na ChatGPT, ile akili bandia iongeayo kwa ufasaha. Alieleza hadharani kwamba ChatGPT ilizichanganya kete, ikasahau zilipo, na ikashindwa na Video Chess katika kiwango cha wanaoanza. Sababu yake si muujiza. ChatGPT hutabiri maneno yanayofuatana, ilhali Video Chess, pamoja na ufinyu wake, iliuweka ubao mzima katika kumbukumbu na kuhesabu. Mzazi anayemwona mwanawe akiamini kila jibu la mashine fasaha aweza kumweleza kisa hiki.

Kwa wenye kompyuta za nyumbani zilizosoma kaseti, mwaka 1984 Mwingereza Martin Bryant aliwatolea Colossus Chess, iliyosifiwa sana enzi zake. Baadaye alitunga toleo la kompyuta za leo na kulitoa bure. Mwaka 1986 ikaja Chessmaster 2000, iliyouzwa ikiwa na picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe, ikaendelea toleo baada ya toleo hadi 2007. Matoleo yake ya baadaye yalikuwa na masomo yaliyopangwa vizuri na wapinzani wa kubuni wenye tabia mbalimbali, mmoja akipenda kushambulia, mwingine akipenda kujilinda.

Mwaka 1988 ilitoka Battle Chess, ambayo kete zake hutembea na kupigana zinapochukuana. Watoto huicheka sana. Tunawatanabahisha wazazi kwamba ina mapigano ya panga, na malkia wake hutumia uchawi, hivyo ni vyema waitazame kwanza wenyewe kabla ya kuwapa wadogo.

Uholanzi nayo ilimtoa Ed Schröder, ambaye programu yake ilitwaa ubingwa wa dunia wa kompyuta mjini Madrid mwaka 1992, na ambaye baadaye aliyatoa bila malipo baadhi ya matoleo ya zamani ya Rebel, programu aliyojulikana nayo zaidi. Na Uingereza ilikuwa na Richard Lang, mtunzi wa Chess Genius. Tarehe 31 Agosti 1994, mjini London, Chess Genius ilimtoa Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, katika mashindano ya michezo ya haraka. Miaka mitatu baadaye, Mei 1997, kompyuta kubwa ya IBM iitwayo Deep Blue, iliyoweza kupima hali milioni 200 kwa sekunde, ilimshinda Kasparov huyo huyo mjini New York katika pambano la michezo sita kwa 3.5 dhidi ya 2.5.

Tangu hapo swali la nani mwenye nguvu limekwisha. Lililobaki ni lile la nani mwenye manufaa, na kwa mwanafunzi jibu lake halifuati nguvu.

Pa kuzitafuta, na haki ya mwenye kazi

Njia iliyo nyepesi kwa mwenye simu ni kuanza na Chess Genius, kwani mtunzi wake aliileta hadi kwenye simu za leo. Ni programu ile ile ya ukoo wa zamani, na viwango vyake vya chini vinamfaa anayeanza.

Mwenye kompyuta, hata iwe kuukuu kiasi gani, ana uwanja mpana. GNU Chess, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni ya bure kwa ruhusa kamili ya waliyoitunga. Programu za zama za DOS huendeshwa ndani ya DOSBox, ambayo ni programu ya bure inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye kompyuta ya mwaka 1990. Zipo nyingine za namna hiyo: Stella huiiga Atari 2600, VICE huiiga Commodore 64, na MAME huziiga hata baadhi ya zile mbao za sataranji zenye kompyuta ndani. Maktaba ya mtandaoni iitwayo Internet Archive nayo, tangu Januari 2015, imewawezesha watu kuichezea michezo mingi ya DOS ndani ya kivinjari chao bila kuweka chochote katika kompyuta.

Hapa lazima tuseme neno juu ya haki. Programu kuwa ya zamani hakuifanyi iwe mali isiyo na mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za maandishi zinazolindwa, na haki hiyo hudumu kwa miaka mingi baada ya duka kuacha kuiuza. Familia inayojihadhari na kula haki ya mtu haikosi cha kucheza: zimo zilizotolewa bure na watunzi wake, kama Colossus ya leo, matoleo hayo ya Rebel, GNU Chess na MicroChess ambayo Jennings mwenyewe ameyaweka wazi maandishi yake. Nyingine zanunuliwa kwa bei ndogo, ama mpya ama diski iliyotumika. Zaidi ya hayo, tovuti zinazogawa programu zisizo zao mara nyingi ndizo zinazogawa na virusi. Anayechukua kwa mtunzi mwenyewe hujikinga na yote mawili.

Ipo pia njia ya kuitafuta mashine yenyewe. Mbao za elektroniki za Fidelity, Mephisto na Novag ziliuzwa katika nchi nyingi, na mara nyingine huonekana kwa wauzaji wa vyombo vilivyotumika. Mnunuzi afungue kwanza mahali pa betri. Akikuta unga wa kijani au mweupe, betri zimevuja na huenda nyaya zimeliwa. Abonyeze miraba yote 64 mmoja mmoja, maana mraba mmoja uliokufa huuharibu mchezo mzima. Ubao wa namna hii hauna intaneti, hauna matangazo, hauna mgeni wa kuandikiana na mtoto, wala hauombi pesa. Kwa mama anayehangaika na simu usiku na mchana, hizo pekee ni sababu za kutosha.

Namna ya kuzifurahia pamoja

Tumezijaribu baadhi ya programu hizi pamoja na watoto wa rika mbalimbali, na haya ndiyo tuliyoyaona kuwa na faida.

Kwanza, wekeni ubao wa kweli kando ya kioo, kama walivyofanya wachezaji wa MicroChess kwa kukosa njia nyingine. Mtoto anayezisogeza kete kwa mkono wake huuona mchezo wote, na mdogo wake aliyeketi karibu hujifunza bila kufundishwa. Kaka na dada wakishirikiana upande mmoja dhidi ya mashine, hulazimika kushauriana kabla ya kusogeza, na ugomvi wa nani kamshinda nani huondoka.

Pili, andikeni kila hatua katika daftari. Hapa ndipo mansuba za as-Suli zinaporudi. Programu nyingi za mwanzo hazina bahati nasibu ndani yake: ukizichezea hatua zile zile kwa kiwango kile kile, hujibu vile vile. Mtoto aliyeshindwa jana aweza kuufungua mchezo ule ule leo, akaufuata hadi pale alipoharibikiwa, akabadilisha hatua moja tu na kutazama kinachotokea. Mwanadamu hawezi kukupa nafasi hiyo, na programu za leo mara nyingi hubadilisha majibu. Mashine ya kale hukungoja pale pale hadi uipate njia, kama fumbo lililoandikwa kitabuni.

Tatu, anzeni na kiwango cha chini kabisa, ambacho mashine hufikiri kwa sekunde chache, na msipande hadi mtoto ashinde mara tatu. Akipanda, mwambieni kwamba sasa mpinzani wake anaona mbali zaidi kidogo, na mwulizeni mtego wake wa zamani utafaa tena au la.

Nne, wekeni saa. Mchezo mmoja baada ya kazi za shule watosha, na programu hizi huruhusu mchezo uliokatizwa kuendelezwa kesho yake, ama kwa kuhifadhiwa ndani ya mashine, ama kwa daftari mliloliandika. Adhana ikilia, kete hubaki zilipo.

Zisipotee mikononi mwetu

Kaseti na diski hazidumu. Maandishi yake yamehifadhiwa kwa sumaku, na sumaku hiyo hufifia mwaka hadi mwaka. Kwetu Pwani hali ni nzito zaidi, maana hewa ya chumvi huleta kutu, na unyevu huotesha ukungu juu ya diski iliyosahaulika kabatini. Watunzi wa programu za kwanza nao wamezeeka au wametangulia, na palipokosekana mtu wa kunakili kwa wakati, kazi ya miaka imekwenda.

Kwa hiyo, aliye na kompyuta ya zamani ya marehemu babu, au sanduku la diski lililokuja na mashine iliyonunuliwa miaka ya 1990, asilitupe kabla ya kulifungua. Azitoe betri zilizomo, azifute diski vumbi kwa kitambaa laini kikavu, na amtafute fundi mwenye kifaa cha kusomea diski laini ili yaliyomo yanakiliwe mahali salama. Huenda ndani yake mkawa na barua za familia, picha, hesabu za duka, na pengine mchezo wa sataranji ambao mjomba aliuacha katikati, zamu ikiwa ya mashine.